DNA Bila Daftari Haitamtabiri Ng'ombe wa Dodoma

Toka Rais Samia azindue ile kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo pale Bariadi Juni 2025, hereni za kielektroniki wanazovishwa ng'ombe sikioni zimekuwa gumzo kwenye minada yetu ya kanda ya kati, na watu wamegawanyika. Wapo wanaoamini hereni ni njia ya kuhesabu ng'ombe ili baadae ije kodi, na wapo wanaosema ni kitu kizuri maana ng'ombe akiibiwa atafuatiliwa na chanjo itajulikana kachomwa lini. Wakati huohuo kwa wafugaji vijana, hasa wale wenye mitamba miwili mitatu ya maziwa hapa Dodoma mjini, kuna mjadala mwingine kabisa unaendelea, kwamba dunia imefika mahali unang'oa nywele za mkia za ndama unapeleka maabara, wanasoma DNA, wanakwambia huyu akikua atatoa maziwa kiasi gani, kwahiyo na sisi tuletewe hicho kipimo haraka tuachane na kubahatisha. Mijadala hii miwili inaongelewa kama vile haikutani popote. Mimi naona ni jambo moja, na tumelielewa kinyume. Kinachotabiri sifa ya mnyama sio DNA yake peke yake, ni kumbukumbu za wanyama wengine waliopimwa kabla yake, na kazi ya DNA ni kuonyesha huyu mpya anafanana na nani kati ya wale. Hao wengine kama hawajapimwa, au wamepimwa Ulaya wakila chakula cha Ulaya, kipimo cha DNA hapa kwetu kitatoa namba nzuri kwenye karatasi ambayo haimsaidii mfugaji wa Bahi hata kidogo. Na hereni, ambayo tunaigombania kwa sababu zisizo zake, ndo mwanzo wa hizo kumbukumbu.

Wacha nieleze inavyofanya kazi kwasababu hapa ndipo kosa linapoanzia. Vinasaba vya ng'ombe, yani hiyo DNA, ni mlolongo wa herufi kama bilioni 2.7 hivi, na kuna mamilioni ya sehemu ambapo ng'ombe mmoja ana herufi hii na mwenzake ana ile. Maabara kwa kawaida haisomi zote, inatumia chipu, kifaa kidogo cha maabara, inayosoma sehemu kama elfu 50 zilizochaguliwa, wanaziita alama. Ukishapata hizo alama bado huna kitu mkononi, una jedwali la sifuri, moja na mbili, yani mnyama ana nakala ngapi za herufi fulani kwenye kila alama, na jedwali halijui maziwa ni nini. Ili lijue unahitaji maelfu ya ng'ombe waliosomwa alama hizohizo na pia wakapimwa maziwa kweli, kwa kipimo, tena na tena kwa miezi, na mtu akaandika. Kompyuta inachukua pande zote mbili inazilinganisha, inaipa kila alama uzito mdogo, hii inaongeza kidogo, ile inapunguza kidogo, alafu ndama mpya akija unajumlisha uzito wa alama zake zote na hilo jumla ndo utabiri. Hesabu hii iliwekwa wazi mwaka 2001 na watafiti Theo Meuwissen, Ben Hayes na Mike Goddard, miaka kadhaa kabla chipu yenyewe ya ng'ombe haijaingia sokoni. Ugumu wake ni kwamba una vitu elfu 50 vya kukadiria na ng'ombe wako ni wachache kuliko hapo, kwahiyo hesabu inabidi ivute kila uzito kuelekea sifuri mpaka data ithibitishe vinginevyo. Matokeo yake ni kitu ambacho wauzaji wa vipimo hawakisemi sana, ukiwa na kumbukumbu chache hesabu ya kweli itakwambia kila ndama ni wa wastani, sio kwasababu wote ni sawa ila kwasababu haina ushahidi wa kuwatofautisha.

Na haya mambo yanafanya kazi, sibishi hilo. Zamani ili ujue dume la maziwa ni zuri ilibidi usubiri mabinti zake wakue, wapandwe, wazae, wakamuliwe, miaka mitano au sita imeshaisha na dume mwenyewe ameshazeeka. Marekani walianza rasmi kutumia utabiri wa vinasaba kwa Holstein, wale ng'ombe wa maziwa wa asili ya Ulaya, mwaka 2009, na umri wa dume linapokuwa baba wa madume ya kizazi kinachofuata ukashuka toka kama miaka saba mpaka chini ya miwili na nusu, kasi ya uboreshaji ikapanda sana. Watu wanasoma hiyo habari wanahitimisha kwamba chipu ndo ilileta mafanikio. Lakini wafugaji wa Marekani walianza vyama vya kupima maziwa huko Michigan mwaka 1905, yani chipu ilipofika ilikuta zaidi ya miaka mia ya madaftari, mamilioni ya ng'ombe wenye majina ya baba, ya mama, tarehe za kuzaa na kilo za maziwa. Chipu ilikuwa kitu cha mwisho kuwekwa juu ya kazi ambayo ilishafanyika, na sisi tunataka kuanza na hicho cha mwisho.

Mtu atasema sawa, basi tutumie uzito waliokadiria wao, tupeleke DNA ya ng'ombe wetu kwenye kompyuta zao. Haiendi hivyo. Alama kwenye chipu mara nyingi sio jeni yenyewe inayofanya kazi, ni jirani yake, na ujirani huo unategemea historia ya ukoo. Kwa Holstein alama fulani inakaa pamoja na jeni fulani ya maziwa karibu kila mara, kwa zebu wetu wa asili kama wa Kigogo au Singida White alama ileile inaweza kuwa imekaa na kitu kingine au haitofautiani kabisa kati ya mnyama na mnyama, maana chipu nyingi zilitengenezwa kwa kuangalia zaidi ng'ombe wa Ulaya na hata sehemu zilizochaguliwa ni zile zinazotofautiana kwao. Kuna jingine ambalo wengi hawalitegemei. Holstein wapo mamilioni duniani lakini kijeni ni kama kundi la wanyama mia hivi, kwasababu madume machache yametumika kupita kiasi, kwahiyo vipande vya vinasaba vinavyozunguka ni vichache na ni rahisi kuvijifunza. Ng'ombe wetu wa asili wana mchanganyiko mkubwa zaidi, ambao kwa uhai wa kundi ni utajiri, ila kwa hesabu maana yake unahitaji vipimo vingi zaidi kufikia usahihi uleule. Yani sisi ndio tunaohitaji daftari nene kuliko wao na ndio hatuna.

Kwa binadamu jambo hili limeshaonekana wazi kabisa. Mwaka 2022 ulichapishwa utafiti wa urefu wa watu uliotumia data za watu milioni 5.4, wakapata alama 12,111 zinazohusiana na urefu. Kwa watu wa asili ya Ulaya alama hizo zilieleza kama asilimia 40 ya tofauti za urefu kati ya mtu na mtu, kwa watu wa asili nyingine ikashuka mpaka kati ya 10 na 20. Urefu, kitu ambacho ukuta na futi kamba vinatosha kukipima! Sasa fikiria kisukari au presha. Mtafiti Alicia Martin na wenzake walishaonya mwaka 2019 kwamba hesabu za kutabiri hatari ya magonjwa zilizojengwa kwa Wazungu zinapoteza usahihi mara kadhaa zikipelekwa kwa watu wa asili ya Afrika, na kwamba zikiingia hospitali hivyohivyo zitaongeza pengo la afya badala ya kulipunguza. Kama kwa mtu ni hivyo, sioni kwanini kwa ng'ombe tudhani namba zitasafiri salama.

Kanda yetu ilishawahi kulipa gharama ya hesabu zilizotengenezwa bila kumbukumbu za hapa, na ushahidi upo Kongwa. Mwaka 1946 ujumbe wa John Wakefield ulitumwa na Waingereza, ukazunguka kwa wiki tisa, ukarudi na mpango wa karanga wa mamilioni ya ekari, kazi ikaanza 1947. Hesabu kwenye karatasi ilikuwa safi, kilichokosekana ni kumbukumbu za kutosha za mvua ya Kongwa na tabia ya udongo wake, ule mfinyanzi unaokauka ukawa mgumu kama saruji. Mwaka 1951 mpango ukafungwa na hasara ikaandikwa kuwa kama pauni milioni 36. Matrekta hayakuwa mabaya, na waliopanga hawakuwa wajinga. Walikosa vipimo vya mahali husika wakajaza pengo kwa makadirio ya kwingine, na hilo ndo kosa ninaloliona tukilikaribia upya kwa upande wa vinasaba.

Sasa tuje kwenye hoja za wanaotaka DNA haraka, maana zipo zenye nguvu. Iliyo bora kuliko zote ni hii, kwamba ufugaji wetu ni wa malisho ya pamoja, madume ya kaya tano sita yanachanganyika machungani, hakuna anayejua baba wa ndama ni nani, kwahiyo ule uboreshaji wa zamani wa kutegemea vitabu vya ukoo huku hauwezekani, na DNA inaruka kizuizi hicho kwasababu inapima undugu moja kwa moja bila kuuliza mtu. Hiyo ni kweli tupu na naikubali yote. Ndo msingi wa mradi wa ADGG wa kuboresha vinasaba vya ng'ombe wa maziwa Afrika, ulioongozwa na ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, hapa Tanzania na Ethiopia, walichukua ng'ombe chotara wa wafugaji wadogo wasio na rekodi za ukoo, wakasoma vinasaba, na wakaweka vijana wa kuzunguka na tableti kupima maziwa na uzito nyumba kwa nyumba. Angalia hiyo sehemu ya mwisho, vijana wa kuzunguka. DNA ilichukua nafasi ya kitabu cha ukoo, haikuchukua nafasi ya ndoo ya kupimia, na sehemu iliyokula jasho ilikuwa ndoo. Alafu kazi hiyo kwa Tanzania ilijikita mikoa kama Arusha, Kilimanjaro, Tanga, Iringa, Njombe na Mbeya, kwenye ng'ombe wa maziwa na baridi na majani. Utabiri uliotoka huko ni mali ya huko. Ng'ombe wa Chamwino anayetembea kilomita kadhaa kufuata maji mwezi wa kumi hayumo ndani ya ile hesabu.

Hoja dhaifu kuliko zote ndo inayosambaa zaidi, kwamba akili mnemba imeshamaliza hii kazi, kwamba kompyuta sasa inasoma DNA yenyewe na kujua kila kitu bila haja ya kupima mnyama. Wanatoa mfano wa AlphaFold, ile programu iliyowapa Demis Hassabis na John Jumper sehemu ya Nobeli ya kemia mwaka 2024 kwa kutabiri umbo la protini toka kwenye mlolongo wake. Kwanza umbo la protini sio maziwa, maziwa yanatokana na maelfu ya jeni pamoja na lishe, joto, kupe, umri na mkamuaji. Pili, na hili ndo linaivunja hoja yenyewe, AlphaFold ilijifunza toka kwenye hifadhi ya maumbo ya protini iliyoanzishwa 1971, maumbo zaidi ya laki moja na nusu ambayo watu waliyapima maabara moja baada ya jingine kwa karibu miaka 50, na yakawekwa wazi kwa yeyote. Bila hiyo hifadhi hakuna AlphaFold. Anayeutumia huo mfano kusema vipimo havihitajiki tena anautumia kinyume na unavyosema.

Upande wa pili wapo wanaopinga kabisa, na wengi ni wafugaji wazoefu ambao nawaheshimu. Wanasema ng'ombe wa Dodoma tatizo lake ni njaa, mvua zenyewe ni msimu mmoja, milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, ukame ukikaza hata ng'ombe wa dhahabu atakonda, kwahiyo kuongelea jeni ni kupoteza hela ambayo ingechimba lambo. Nakubali kwamba lambo, malisho na kuogesha vinatangulia, na anayeuza mbegu bora kwa mtu asiye na maji anamuumiza. Ila hoja inaruka kitu kimoja ambacho wafugaji wenyewe wanakijua kuliko mimi. Mzee mmoja wa Bahi niliyekaa nae alinieleza ng'ombe wake kwa mama na bibi zao, nani kwenye ukame ule mkubwa alikonda sana na nani alizaa bado, na kwamba kuna ukoo mmoja zizini kwake haujawahi kumwangusha. Huyo anaongelea tofauti za kurithi ndani ya njaa ileile, zizi lilelile. Ndicho hasa kinachopaswa kupimwa, na kinapatikana huku tu, huwezi kukipima Uholanzi. Tatizo ni kwamba kumbukumbu hiyo ipo kichwani mwa mzee, haina namba, na akiondoka inaondoka nae.

Swali la nini kipimwe ndilo zito kuliko la mashine gani inunuliwe, maana utabiri unakupa ulichopima na unakuharibia usichopima. Holstein walichaguliwa miaka mingi kwa maziwa, uwezo wa kushika mimba ukaporomoka mpaka ikabidi waanze kuuweka kwenye hesabu. Kuna dume maarufu lililozaliwa Marekani mwaka 1962, Pawnee Farm Arlinda Chief, lilikuwa na jeni nzuri za maziwa likatumika kupita kiasi, kumbe lilibeba pia hitilafu inayoua kijusi tumboni. Watafiti walikuja kukadiria mwaka 2016 kwamba hitilafu hiyo ilisababisha mimba kama laki tano kuharibika duniani. Waligundua baadae sana, na waligundua kwasababu walikuwa na rekodi. Tukianza kuchagua madume ya kanda ya kati kwa lita tu tutapata ng'ombe wa lita wanaokufa Oktoba. Inabidi kupima miezi kati ya kuzaa na kuzaa, uzito kabla na baada ya kiangazi, ndama aliyefika mwaka mmoja akiwa hai, nani alipona ndigana kali, ule ugonjwa wa kupe, bila dawa. Hiyo ya ndigana sio ndoto, mwaka 2022 ulichapishwa utafiti uliopata tofauti kwenye jeni ya FAF1B inayohusiana na kustahimili ugonjwa huo kwenye ukoo mmoja wa ng'ombe wa Boran, na ilipatikana kwasababu watu waliandika nani alikufa, nani alipona, na wote walikuwa uzao wa dume lipi.

Na hata maziwa yenyewe kuyapima sio kitu cha kuchukulia poa. Zebu wengi hawashushi maziwa mpaka ndama aanze kunyonya, kwahiyo kinachoingia kwenye kibuyu ni mabaki baada ya ndama, na mfugaji mwenye huruma kwa ndama atakuwa na rekodi ndogo kuliko jirani mwenye ng'ombe wa uwezo uleule. Ukiingiza hizo namba kwenye kompyuta bila kujua hilo, kompyuta itajifunza tabia za wakamuaji itadhani imejifunza jeni. Kwenye mtama ni vilevile. Pale TARI Hombolo, kituo cha utafiti wa kilimo, mtu anapopima mavuno ya kitalu lazima ajue gugu la kiduha lilikuwa kiasi gani na ndege wa kwelea kwelea walishambulia upande upi, la sivyo namba ya mavuno inabeba habari za ndege. Hizi kazi hazina mvuto kwa wafadhili, hazipigwi picha, na afisa ugani hapandishwi cheo kwa kuzifanya vizuri, lakini ndani yake ndo usahihi wote unapoamuliwa.

Kwahiyo nikirudi kwenye hereni. Kwangu mimi hereni ni namba isiyobadilika inayomfuata mnyama toka zizini mpaka mnadani mpaka machinjioni, na bila namba hiyo huwezi kuunganisha kipimo cha leo na cha mwakani, wala cha mama na cha binti. Serikali imeiuza kwa wafugaji kama kitu cha chanjo na wizi, nadhani imejinyima hoja yake nzuri kuliko zote. Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 35, hata asilimia moja tu wakipata namba na vipimo vitatu vinne vya maana katika maisha yao, tutakuwa na daftari la wanyama wa nchi kame ambalo nchi chache duniani zinalo. Na gharama za kuanzia ni ndogo kuliko maabara. Pale machinjio ya Kizota kila nyama inaninginizwa, kuunganisha namba ya hereni na uzito wa nyama na umri wa meno ni suala la kisomeo na nidhamu. Minadani ng'ombe wengi bado wananunuliwa kwa jicho la dalali, mizani ikitumika kweli mfugaji anapata bei ya haki na sisi tunapata data, hapo hahitaji hata kushawishiwa. Mpwapwa kuna kituo cha mifugo toka enzi za Mjerumani, na ng'ombe wa Mpwapwa mwenyewe alitengenezwa pale kwa kuchanganya damu ya zebu wetu, Boran, Sahiwal na Red Sindhi za Bara Hindi na kidogo ya Ulaya, bila chipu yoyote. Makaratasi ya zamani yaliyobaki kwenye vituo kama hivyo yanapaswa kuingizwa kwenye kompyuta kabla mchwa hawajamaliza, maana rekodi ya ng'ombe wa mwaka sabini ikiungana na DNA ya vitukuu vyake ina thamani ambayo hela haiwezi kuinunua tena.

Ila sharti moja liwekwe kabla ya yote, na hapa wale wenye wasiwasi wa kodi wana haki ya kusikilizwa. Mfugaji hatampimia mtu ng'ombe wake kwa uaminifu kama anaamini namba hizo zitarudi kwake kama ankara. Ataficha, atapunguza, atasema ng'ombe ni wa shemeji, na data ya mtu mwenye hofu ni mbovu kuliko kutokuwa na data, kwasababu inapotosha na inaonekana imekamilika. Sheria iseme wazi taarifa za uzalishaji haziendi kwenye makadirio ya kodi, iseme nani anazimiliki, mfugaji apewe majibu ya mifugo yake mwenyewe kwa meseji ndani ya msimu uleule, na kampuni ya nje ikitaka kuzitumia kutengeneza mbegu ya kuuza ikae mezani na chama cha wafugaji kwanza. Hilo likifanyika bajeti za wizara ziangaliwe upya, kwa kila shilingi inayotengwa kununua vipimo vya DNA ziwepo shilingi kadhaa za mizani, madaftari, pikipiki na mishahara ya vijana wa kupima, na kipimo cha kwanza cha DNA kwa kanda ya kati kisinunuliwe mpaka kuwe na ng'ombe elfu kadhaa wenye hereni na misimu miwili ya kiangazi iliyoandikwa.